Jina Ulilompa Mheshimiwa

Pasiansi, Jumapili jioni

Mwanangu Mabula,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umetoka sasa hivi na shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, unakwenda Mirongo kuwaaga wenzako, unapiga mluzi. Yangu hujaniuliza, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Begi lako nimelifunga. Chandarua kimo, sweta limo, maana wanasema Dodoma kuna baridi ya kuuma asubuhi. Mengine ya kula na kulala una akili, utayajua mwenyewe. Barua hii nitaiweka chini ya mfuko wa karanga. Nakujua, treni haitafika Shinyanga kabla hujaanza kuzitafuna, basi utaikuta ukiwa mbali kidogo na mimi. Ningekuambia kwa mdomo, lakini kila nikijaribu naona nitalia au nitakupiga, na wewe si mtoto tena wa kupigwa.

Najua kwamba ni wewe uliyempa yule bwana jina langu.

Jina lake yeye sitaliandika hapa. Kesho kutwa utakuwa karani wake, utambebea mkoba na kumwandikia hotuba, utamwita Mheshimiwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Wewe mwite hivyo, ni kazi yako. Mimi kwangu ni yule bwana.

Kabla sijasema mengine, nikukumbushe jina lenyewe lilikotoka, kwa sababu nadhani ulilisikia kama hadithi ya kumlaza mtoto. Watu wote wa huku wananiita Mama Mabula. Kanisani mimi ni Veronika. Lakini nilipozaliwa kule Bujora, baba yangu alinipa jina la mama yake, Limi, na kwa mila yetu mtu aliyempa mwanawe jina la mama yake hawezi kumchukulia kama mtoto tu. Baba alikuwa mtu mkali. Ng'ombe wenyewe walimwogopa. Lakini asubuhi akitoka nje alikuwa ananiamkia mimi kwanza, mimi mtoto wa kufunga kanga shingoni: "Mwangaluka, Mayu Limi." Maana yake, umeamkaje, mama Limi. Nami naitikia kwa kujidai, kaka zangu wanacheka. Tukikosana na mama yangu mzazi, baba alikuwa anasema, "Mwacheni mama yangu." Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Hata marehemu baba yako hakuthubutu. Baba yangu alipofariki, jina lile lilinyamaza, na mimi nikakusimulia wewe peke yako, ukiwa mdogo, mvua inanyesha na huwezi kulala. Sikukusimulia ili ulipeleke popote.

Sasa turudi kwenye ule mkutano. Ulikuwepo, lakini ulikuwa umesimama upande wa wale vijana wa fulana za yule bwana, kwa hiyo nitakuambia ulivyoonekana kutoka upande wangu.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona wagombea wa vyama mbalimbali wamekalishwa benchi moja, uwanja wa shule ya msingi, waulizwe maswali na wananchi. Sisi akina mama wa dagaa tulikuwa tumekubaliana swali letu. Unajua ule mchanga wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, ambako tumeanika dagaa tangu sijakuzaa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba kuna wenye mitaji wanautaka wajenge kiwanda cha sangara. Kwetu sisi hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Bila ule mchanga hakuna dagaa wakavu, na bila dagaa wakavu wewe usingemaliza kidato cha sita. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, nikasimama nikauliza: mtatulindia ufuko wetu au hapana?

Akaanza Mwalimu Magesa. Wewe alikufundisha hesabu, unamjua: shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni, sauti ya darasani. Akasimama, akasema, "Ndugu mwenyekiti, ndugu wananchi." Watu wakaguna. Miaka ile neno ndugu lilikuwa limeanza kuchosha, lilituletea harufu ya foleni za sukari na sabuni. Kila mtu alitaka kuitwa kitu kipya. Nyuma yangu mmoja akasema kwa sauti, "Ndugu wa nani?" na kicheko kikapita.

Magesa hakujali. Akasema, "Swali lako ni zuri, ndugu. Jibu lake halitawafurahisha. Ule ufuko hamna hati yake. Mtu mwenye hati akija, mbunge hana cha kumfanya, na akiwaambia anacho anawadanganya. Tuanze kuiomba hati wiki hii. Nitakwenda nanyi ofisi ya ardhi, nishinde au nishindwe."

Mwanangu, jibu lilikuwa hilo. Sisi tulikuwa tumekuja kusikia ndiyo. Nami nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nikiwa peke yangu natoa sauti kama mtu aliyejikwaa. Nikashika kiuno nikamwambia, "Mwalimu, umekuja kuomba kura au kututisha? Na tangu umefika, hata shikamoo hujatupa sisi mama zako!" Uwanja ukalipuka. Magesa ni rika langu, kama hanizidi. Hakuwa na shikamoo ya kunipa, na nilijua. Nilitaka tu watu wacheke, wakacheka. Akaniangalia kidogo, akaketi.

Ndipo akainuka yule bwana. Hakukaa juu. Alishuka jukwaani, akavua miwani yake, akaja mpaka pale nilipokuwa, na suruali yake ile nzuri akapiga goti vumbini. Mwanamume mzima! Kwetu sisi wasichana ndio wanaopiga goti. Akina mama walikuwa hata hawajajua la kufanya na vinywa vyao. Akainamisha kichwa akasema, "Mwangaluka, Mayu Limi. Shikamoo."

Sikumbuki nilivyosimama. Nilimsikia baba yangu. Nilisikia harufu ya maziwa na samadi, na kaka zangu wakicheka. Nikasema, "Marahaba, mwanangu," na machozi yakanitoka mbele ya watu wote, na vigelegele vikapigwa hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini kwake kutazama. Nilijiambia: huyu mtu lazima watu wake waliwajua watu wangu. Huyu ni wa nyumbani, Mungu amemleta.

Swali la ufuko hakulijibu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alipanda tena jukwaani, akatuita mama zangu, shangazi zangu, wake wa kaka zangu, akakaa. Aliyeliona hilo ni Mama Koku peke yake. Unamjua Mama Koku, hawezi kukaa na Msukuma dakika mbili bila kumtania. Tulipokuwa tunatoka uwanjani akanivuta kanga. "Waitu, nyie Wasukuma! Mtu akiwapigia goti mnampa ng'ombe na kamba yake. Mbona hakujibu?"

Nikamjibu vibaya. "Nyie Wahaya mnataka kila kitu kiandikwe. Mtoto hamwahidi mama yake, anamtendea."

Angalia nilivyokuwa nimeshaanza kumwita mtoto wangu.

Unajua kilichofuata. Nilizunguka Pasiansi yote, nyumba kwa nyumba, nikisema huyu ni wetu. Mwanamke akisita namwambia, "Mimi simchagui mtu nisiyemjua," nami sikumjua kwa lolote ila goti na jina. Wewe ulikuwa unaniangalia. Siku moja nilirudi miguu imevimba, ukaniletea maji ya moto na chumvi, ukaniosha mwenyewe, ukasema, "Pumzika, mama, atashinda tu." Nilikuona mtoto mwenye huruma. Siku hizi nayakumbuka yale maji na sijui niyaweke wapi.

Alishinda. Magesa alipata kura za kwao na za watu wachache wakaidi.

Mvua za masika zilikuwa hazijaisha watu wa kiwanda walipokuja na seng'enge. Asubuhi tulifika mwaloni na nyavu za kuanikia kichwani, tukakuta nguzo zimesimama hadi majini na mlinzi ana rungu. Akatuambia hapa ni mali ya kampuni. Dagaa wa siku ile tuliwaanika barabarani, magari yakawakanyaga. Sasa wenzangu wengine wanapanga foleni nyuma ya kiwanda hichohicho kununua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondoka kwenda Ulaya, wakaange wauze. Zamani sangara mzima alikuwa anaingia humu ndani kwetu, ukimlalamikia kwamba ana mafuta mengi. Unakumbuka?

Tukaenda ofisini kwa yule bwana, akina mama sita na mimi mbele. Nilikuwa sina wasiwasi, wallahi. Nilikuwa naona haya kidogo tu, kama mtu anayemfuata mwanawe kazini kumsumbua. Tukakalishwa kwenye benchi. Kijana wa mlangoni akatufundisha: "Mkiingia mnamwita Mheshimiwa." Mama Koku akaniangalia, nikamwambia, "Hayo ni ya wageni."

Nikaingia nikasema, "Mwanangu, tumekuja."

Hakuinuka. Akasema, "Mama Mabula, karibuni. Lakini hapa ofisini tuna utaratibu. Kuna wageni wanaingia na kutoka, itakuwa vizuri tukitumia lugha ya kiofisi."

Nikasema, "Ni mimi. Ulinipigia goti."

Akatabasamu. Nadhani hakukusudia kuniumiza, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba hakuona kuna kitu cha kuumia. Akasema, "Ah, ile ilikuwa kampeni, mama. Na lile jina! Kijana wako ana kichwa sana. Nilimuuliza nimwingieje mama yako, yule ndiye mwenye akina mama wote, akanipa jina na salamu yake na kila kitu. Akasema ukimwita hivyo hatakuuliza la pili. Kweli hukuniuliza! Kijana kama yule hawezi kukaa bure Mwanza. Nakwenda naye Dodoma."

Alisema hayo mbele ya wenzangu. Waliopoteza ufuko wao kwa sababu ya machozi yangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, wanasikia. Tulirudi kwa miguu mpaka Pasiansi, na Mama Koku, ambaye angeweza kunila nyama siku ile, alinishika mkono njia nzima. Karibu na nyumbani akasema tu, "Mtoto ni wako, hata akikosa."

Jioni ile wewe ulikuja mbio, uso unang'aa: "Mama, nimepata kazi!" Nikakupikia kuku. Ulikula, ukanishukuru. Mimi nilikuwa nakutazama nikisema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa na hilo mpaka leo, sikukuambia, kwa sababu nilikuwa nangoja uniambie wewe. Kila jioni nilijipa moyo kwamba leo atasema. Umefunga begi, umechukua tiketi, umepiga mluzi, hukusema.

Nina hasira na wewe, Mabula. Nakuandikia wazi usije ukadhani mama yako amezeeka tu. Yule bwana ni mtu baki, alikuja kuvua akavua. Wewe ndiye uliyemwonyesha samaki alipolala. Sasa hivi mwaloni wakinitania wananiita Mayu Limi. Wanawake ninaowaheshimu, nikipita na ndoo, mmoja anasema, "Mwangaluka, Mayu Limi, na leo umetuuzia nini?" wanacheka, na mimi nacheka nao, nifanyeje. Jina alilonipa baba yangu limekuwa la kuchekea kwenye foleni ya mapanki.

Lakini nimelala na hili swali la wapi ulijifunza, na kila nilipolitupa mbali lilirudi mlangoni kwangu. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakutuma mwaloni na karai, mitumbwi ikiingia. Unakumbuka nilichokuwa nakuambia? "Yule mwenye kofia mwite mjomba. Yule mzee mwite babu, mwamkie vizuri, atakuongezea." Hawakuwa wajomba zako. Ulikuwa unarudi karai limejaa kuliko la watoto wa jirani, nami nakusifu: mwanangu anajua kuongea na watu. Kwa Mwarabu wa duka nilikufundisha kusema baba mdogo ili atukopeshe mchele. Baba yako alikuwa amepunguzwa kazini kule kwenye kiwanda cha pamba, tulikuwa hatuna kitu, sikuona ubaya. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nilikufundisha kwamba jina la ukoo ni ndoano, kisha nakushangaa umevua kwa ndoano ileile. Sikujua tu kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekuwa samaki.

Kwa hiyo siwezi kukuhukumu kama mtu msafi. Nakuambia kama mtu aliyekutangulia kwenye njia hiyo na kuona inakoishia.

Nilimfuata Mwalimu Magesa. Nilifika kwake mchana, anapalilia mihogo. Nilikuwa nimejiandaa, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akanyoosha mgongo, akaniangalia vilevile kama siku ile. Hakuitikia marahaba. Akasema, "Mama Mabula, mimi na wewe rika moja. Hujambo?" Nikamwambia sijambo, nikaomba msamaha. Akasema haya. Kisha akauliza kama bado tunataka kwenda ofisi ya ardhi, maana kuna kipande kidogo upande wa mawe hakijazungushiwa. Tutakwenda naye Alhamisi. Sijui kama tutakipata. Akasema na yeye hajui. Nilivyosikia mtu anasema hajui, Mabula, nilitaka kumkumbatia.

Sikukatazi kwenda. Tangu umalize shule umekaa miaka unazunguka na bahasha ya vyeti, nimekuona unavyokonda, na nisingependa uje kuniambia kwamba nilikufungia mlango. Nenda. Fanya kazi yake vizuri. Ila najua uchaguzi mwingine utakuja, na yule bwana atakuita akuulize: huyu mama wa Kisesa nimwingieje, huyu mzee wa Magu anapenda kuitwaje. Nawe utakuwa unajua, kwa sababu watu wanakupenda na wanakusimulia mambo yao, una sikio zuri, hilo hukufundishwa na mtu. Siku hiyo utamjibu nini, siwezi kukuamulia. Mimi nakuomba ukumbuke tu yule mama atakuwa na mwanawe mahali fulani.

Kuna jambo moja ambalo siliombi, nalisema. Mila yetu unaijua. Ukioa, Mungu akakupa binti, utatakiwa umpe jina langu, na kila asubuhi utamwamkia kama babu yako alivyoniamkia mimi. Tangu nilipokuzaa nimekuwa nikiingoja siku hiyo. Nilikuwa nikikuangalia umelala, mtoto wa siku ya mvua, nasema, huyu ndiye atakayenirudishia jina langu.

Sasa nakuambia, usimpe. Mwache aitwe jina la upande wa mama yake, au la kanisani, mpaka utakapokuja hapa Pasiansi mwenyewe, bila yule bwana na bila zawadi, ukae kwenye kile kigoda chako, uniambie kwa mdomo wako ulichofanya. Nitakukaripia, jiandae. Halafu nitakupakulia. Na ukishakula ndipo utaniuliza kama unaweza kulichukua jina kwa ajili ya mwanao.

Kesho stesheni watu watakuwa wengi, nami nitakubebea begi mpaka mlango wa behewa, kwa sababu nakupenda na sijui kuacha. Utaniita mama, nitaitika. Nitakuwa natabasamu, usiniulize kwa nini macho ni mekundu, nitasema ni moshi wa jikoni.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, nadhani ndiyo unarudi. Ngoja niifiche.

Ukija siku hiyo, Mabula, usipige goti.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Mabula